Ugomvi wa Kamba ya Nguo

Kiingereza nilichotoka nacho sekondari kingeenea kwenye kijiko cha chai na nafasi ya sukari ikabaki, lakini kuna neno moja ambalo halijanitoka mpaka leo: wrangle. Mwalimu alitueleza kwamba ni kugombana kwa kelele, tena kugombana kusikokwisha, halafu akatuambia kila mmoja atunge sentensi. Wenzangu walikuna vichwa wakaishia kuandika habari za wanasiasa. Mimi sikukuna. Nilikuwa nimetoka nyumbani Kambi Muru asubuhi hiyo hiyo na masikio yangu yalikuwa bado yamejaa. Nikaandika kwamba mama yangu na jirani yetu huwa wana-wrangle kila asubuhi kwenye kamba ya nguo, kisha wanakunywa chai.

Mwalimu akaikata ile chai kwa kalamu nyekundu. Alisema watu wa wrangle hawanywi chai pamoja. Nikarudi kukaa nikiwa na hakika kwamba mwalimu yule hajawahi kuishi kwenye ploti, milango mingi na uwanja mmoja.

Huyo jirani mama alimwita nyieka, na yeye alimwita mama nyieka. Kwa Kijaluo ndivyo mke anavyomwita mke mwenzake. Hawakuwa wameolewa na mume mmoja. Kila mmoja alikuwa na wake, na kila mmoja alishikilia kwamba wa mwenzake ndiye mzigo zaidi. Walichoshirikiana ni kamba moja ya nguo, iliyotoka kwenye msumari wa mlango wetu mpaka kwenye msumari wa mlango wao. Kamba moja, familia mbili, na watoto wa kutosha kuchafua mtaa mzima.

"Nyieka, hii blanketi yako imelala hapa kama mgeni wa kutoka ushago, kijijini kabisa. Haina kwao?"

"Iende wapi? Hapa ndipo imepata hewa. Kwako kunanuka omena tangu Pasaka."

"Yawa! Nani ananuka? Si wewe ulianika suruali ya mzee wako na matope yake, watu wakadhani ni ukuta umeongezwa?"

Na mlango wa tatu mtu anacheka mpaka anapaliwa na uji.

Ugomvi ule ulikuwa na sheria ambazo hakuna aliyenifundisha, nilizinyonya pamoja na maziwa. Mtu unaweza kumsema mumewe, mapishi yake, miguu yake, hata sauti yake ya kwaya. Wafu hawaguswi. Ukiteleza ukamgusa kwa maneno marehemu wa mwenzako, unanyamaza hapo hapo, unakaa chini, na yeye anachukua zamu ya kusema mpaka achoke. Na sheria kubwa kuliko zote ni ya mvua. Mvua ikija, aliyeko nyumbani anaanua nguo zote, zake na za adui. Haidhuru asubuhi mlisemana nini. Kuacha nguo ya mtu inyeshewe ndiko kungekuwa ugomvi wa kweli, na huo sikuuona hata mara moja katika miaka yote niliyoishi pale.

Siku hizi naishi Kawangware, chumba kimoja na nusu. Nusu ni pazia. Nashona sare za shule kwa cherehani niliyoiweka dirishani, kwa hiyo kazi, chakula na usingizi nimeviweka mahali mkono unafika. Kutoka nje sikupendi. Mama husema nilizaliwa na nyumba mgongoni kama konokono, na kwamba hata nikiitwa mbinguni nitauliza kama wanaweza kuniletea. Kuhusu mke, amebaki na tumaini moja tu, kwamba siku moja mtu wa boda boda atakosea mlango na kumshusha hapa.

Alikuja kwangu baada ya goti kumsaliti. Baba alikuwa ameshafariki, sisi watoto tumetawanyika, na yeye alikuwa bado anapanda ule mteremko wa Kambi Muru na mtungi wa maji kichwani kama msichana. Siku moja udongo ukamkataa, akaanguka, na goti likavimba kama mkate wa mayai. Daktari alisema vilima basi. Nilimwambia aje kwangu wiki chache mpaka apone. Moyoni nilitaka akae kabisa. Huku uwanja ni wa simiti, bomba la maji liko karibu na mlango, na mahali pa kuanguka hapapatikani hata ukipatafuta.

Kitu kimoja nilisahau kukifikiria. Ploti yetu ni kimya. Si kimya cha amani. Ni kimya cha watu waliotoka kazini wamechoka, wakasalimiana "sasa" na "poa," kisha wakafunga milango. Kila mpangaji ana kamba yake na vibanio vyake, na kugusa nguo ya mtu mwingine ni kujitafutia jina la mwizi. Mwenye ploti anaishi nyumba ya mbele karibu na geti, mwanamke Mkikuyu wa makamo ya mama, mnyoofu, mtu wa kanisa, na wapangaji wote tunamwita Shosho, yaani bibi kwa lugha yao. Mama alikataa.

"Shosho wa nani? Huyo ni rika yangu. Nikimwita shosho, mimi nitaitwa nani, marehemu?"

Kwa hiyo alimwita Mwenye Ploti, kwa heshima zote, kutoka mbali.

Alipokosa mtu wa kuteta naye, mama akawa anampigia nyieka simu. Alikaa uwanjani mchana kwenye kiti cha plastiki, goti limenyoshwa juani, simu ameiweka kwenye spika kwa sababu hasikii vizuri, na wawili wale wakaendelea walipoachia. Mimi nilishona huku nikitabasamu. Kola za shati zilinyooka zaidi wiki zile.

Kisha adhuhuri moja kivuli kikaniangukia kwenye cherehani. Shosho alikuwa amesimama dirishani.

"Kijana, habari ya kazi?"

"Nzuri, Shosho."

"Huyu mathe wako anapigana na nani kila siku?"

"Hapigani, Shosho. Anaongea na rafiki yake."

"Rafiki? Nimemsikia na masikio yangu akimwambia ugali yake inaweza kuua ng'ombe."

"Ndiyo. Ni marafiki wa zamani."

Aliniangalia jinsi watu wanavyomwangalia fundi akisema nguo itakuwa tayari kesho.

"Sikia nikuambie. Mimi wrangles zilinitoa kwa kanisa yangu ya kwanza, zikanitoa kwa boma ya baba yangu. Niliapa hazitaingia hiyo gate. Mathe ni mtu mzuri, sina neno na yeye. Lakini nikisikia hiyo kitu tena, mtafute nyumba pengine. Tumeelewana?"

Lile neno langu la Kidato cha Pili, hilo hapo, limenifuata mpaka dirishani. Nilikuwa na mengi ya kusema. Ningeweza kumweleza habari za kamba, za mvua, za chai iliyokatwa kwa kalamu nyekundu. Badala yake nilisema, "Tumeelewana, Shosho," maana mimi ni mtu wa kuelewana, hasa nikiwa ndani na mwenzangu yuko nje.

Jioni nikamweleza mama.

"Wrangles ndiyo nini?"

"Kelele za watu wakigombana."

"Na nani amegombana?"

"Wewe na nyieka, kwa simu."

Akafikiri. "Lakini mimi na nyieka tulikuwa tunaongea," akasema.

Kilichonitisha ni kwamba alitii. Mama yangu, ambaye hata wimbo wa kanisa huuimba kana kwamba anamjibu mtu, akahamishia simu ndani, nyuma ya pazia, na kuanza kuteta kwa kunong'ona. Nilimsikia nyieka upande wa pili.

"Nyieka, uko hospitali?"

"Niko nyumbani."

"Sasa mbona unanitukana kama mtu anaomba? Nipigie ukipata sauti."

Akakata. Mama akaishika ile simu muda mrefu kama mtu aliyeshika sahani tupu.

Baada ya hapo alinyamaza kweli. Alikula nusu ya alichokuwa akila. Alinishukuru kwa chai, kitu ambacho hakuwahi kufanya maishani. Kawaida huuliza kama majani ya chai yamepigwa marufuku. Siku nyingine nilikaa ndani kutwa nzima bila hata kunyoosha pua mlangoni, nikimtega kusudi, na hakuniita konokono. Ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Jumatano nikamkuta anakunja nguo zake na kuzitia kwenye begi.

"Wuoda, kesho kutwa narudi Kambi Muru."

Wuoda ni mwanangu wa kiume. Huniita hivyo akiwa ameshaamua.

"Na goti, mama? Na ule mteremko?"

"Goti ni yangu. Hapa inapona, nakubali. Lakini mimi mwenyewe nakauka. Nyumba mtu hawezi kuteta ni kaburi iko na stima."

Nilijaribu kila nilichonacho, ambacho si kingi. Nikamwambia mvua zimeanza, udongo kule utakuwa sabuni. Akasema anajua mahali pa kukanyaga. Nikamwambia ataanguka tena. Akasema nyieka atamwinua, amcheke kwanza, halafu amwinue. Usiku nikamwona amelala, begi liko miguuni, na niliweza kuuona ule mteremko ndani ya chumba changu kana kwamba nimeuleta mwenyewe.

Kesho yake mchana mbingu ikafunga. Shosho alikuwa ameenda kwenye kikundi chao cha akina mama, wapangaji wako kazini, na kamba zote uwanjani zimejaa. Mashuka ya Shosho yalikuwa pale mbele, meupe, yamebanwa kwa vibanio vilivyolingana kama askari. Matone ya kwanza yakapiga mabati. Mama akasimama.

"Mama, hapa kila mtu huanua zake."

"Na wenye nguo wako wapi?"

"Hawapo. Lakini hapa ukishika nguo ya mtu—"

"Wewe ulilelewa wapi?" akaniuliza, kwa sauti yake halisi, ambayo nilikuwa sijaisikia siku kadhaa, na akatoka na goti lake.

Nilibaki mlangoni, mguu mmoja nje ili nisilaumiwe. Alianua kamba moja baada ya nyingine, akinirushia mafurushi kama mtu anayepakia lori, akimalizia na mashuka ya Shosho. Mvua ilipoanza kumwagika yenyewe, nguo za ploti nzima zilikuwa kitandani kwangu, kavu, na mama anazikunja moja moja huku anatathmini maisha ya kila mpangaji kwa soksi zake.

Mvua ilipopungua geti likalia. Kisha:

"Haiya! Mashuka yangu! Nani ameingia hapa?"

Nilimwomba Mungu anipe ugonjwa mdogo. Mama alikuwa tayari mlangoni na mashuka mikononi.

"Hakuna mtu ameingia. Haya hapa."

"Na nani amekutuma ushike nguo zangu?"

"Mvua ndiyo imenituma! Ama ulitaka nikupigie simu kwanza niulize kama unapenda zikiwa maji?"

"Hii ploti watu hawashikiani nguo! Tangu nijenge hapa hakuna mtu ameanua nguo yangu!"

"Ndiyo maana zimezeeka hivi!"

Mlango mmoja ukafunguka kidogo, kisha wa pili. Wapangaji walikuwa wameanza kurudi. Nilisubiri Shosho atamke lile neno na atufukuze sote wawili na cherehani. Lakini macho yake yalikuwa yamefika kwenye mashuka.

"Na hii ndiyo kukunja? Umefunga shuka yangu kama mtu anafunga samaki!"

"Samaki unamjua wewe? Watu wa viazi, waru na mukimo!"

"Waru haina mifupa, mama! Waru haijawahi kunyonga mtu!"

Jamani, mwanamke yule alikuwa na kipaji. Miaka yote niliyokaa pale namlipa kodi na kumsalimia, sikujua. Mkono kiunoni, kichwa pembeni, alijibu kabla sentensi ya mama haijatua. Na mama, rangi ilimrudia usoni mbele ya macho yangu. Alikuwa amesimama kwa miguu yote miwili kana kwamba goti halikuwahi kuzaliwa. Akalikunjua shuka moja ampe ushahidi wa ubora wa ukunjaji wake, na hapo katikati kukatokea kiraka.

"Na mwenye ploti mzima kama wewe, shuka imeshonwa na uzi ya gunia!"

"Hiyo shuka ni ya marehemu mama yangu!"

Mama akanyamaza. Akashuka taratibu, akishikilia fremu ya mlango, akakaa kwenye ngazi iliyolowa maji, na shuka lile akaliweka mapajani.

"Hapo nimekosa," akasema. "Endelea wewe."

Shosho hakuelewa. Alibaki na kidole hewani. "Niendelee na nini?"

"Nimegusa mtu wako amelala. Sasa ni zamu yako. Sema mpaka uchoke, mimi sijibu."

Nikadhani atasema mengi, maana nafasi ilikuwa yake. Aliangalia ngazi, akaangalia rinda lake zuri la kikundi, kisha akakaa kando ya mama, kwenye maji vilevile.

"Nilitoka na hiyo shuka tu kwa ile boma," akasema. "Mama alipozikwa, ndugu zangu wakagawana shamba. Hatukutukanana hata siku moja. Kama wangenitukana, ningejibu. Wao walinyamaza tu, wakaanza kuongea na mimi kupitia kwa wakili. Mpaka leo tukikutana kwa mazishi ya mtu, tunapeana mkono kama wageni. Hiyo ndiyo wrangles, mama. Inaua watu pole pole."

Mama aliliangalia lile shuka, akalilainisha na kiganja.

"Sasa hii yetu ya leo ni nini?"

Shosho akafikiri. Mahali fulani kwenye mlango uliofunguliwa kidogo mtu alikuwa anacheka ndani ya kiganja.

"Hii ni kelele tu," akasema.

"Basi ungemwambia huyu kijana kelele. Amenifungia mdomo na Kizungu mpaka nikapanga begi."

"Begi ya kwenda wapi?"

"Kambi Muru. Kesho."

"Na hiyo goti? Wewe uko na akili kweli? Mwanamke mzima!"

"Goti ni yangu!"

"Ni yako lakini akili ya kuibeba ndiyo huna!"

Wakainuka kwa kushikana, maana mmoja peke yake asingeweza, na kuinuka kwenyewe kukaleta ubishi mpya kuhusu nani alimvuta nani. Mimi nilipewa lile shuka. Nikakifumua kiraka nikakishona upya kwa uzi mweupe, mshono mdogo mdogo, kazi ambayo kama angekuwa mteja ningejisifu kwake. Shosho aliligeuza kwenye mwanga akasema uzi ni mweupe mno, unapiga kelele. Mama akasema heri uzi, haukufungwa mdomo. Nikarudi nyuma ya cherehani yangu.

Ijumaa ikafika. Asubuhi nikamkuta mama anakunywa chai, begi bado liko miguuni mwa kitanda. Sikuuliza. Mtu kama mimi anajua thamani ya kutouliza.

"Sitaenda leo," akasema mwenyewe. "Yule mama aliniambia jana kuku wa kwao hupikwa na maziwa, akaingia kwa nyumba kabla sijamjibu. Siwezi kuondoka nikiwa sijamjibu." Akanywa chai, akatazama ndani ya kikombe. "Wuoda, hizi majani ya chai ni za kunusa ama ni za kupika?"

Nilitoka kwenda kumnunulia mengine. Nilitoka kabisa, mpaka dukani, na mwenye duka akaniuliza kama kuna msiba.

Begi siku hizi lina vitambaa vyangu vya sare. Simu za nyieka zimerudi uwanjani, kwenye spika, ingawa sasa zina wivu ndani yake. "Nasikia umepata mwingine huko," nyieka alimwambia. "Anakujulia wapi huyo? Anajua hata ulivyokuwa na meno yote?" Shosho, aliyekuwa anapita na ndoo, akainama kwenye simu akauliza hiyo nyieka ni nini. Mama akamweleza ni mke mwenza.

"Haiya, muiru? Bwana yangu alienda zamani. Nikupatie sehemu gani?"

"Nipatie mashuka."

Simu nzima ikacheka, na uwanja, na mimi nikadunga kidole na sindano.

Juzi wawili hao walikuwa wamesimama getini wanabishana kama itanyesha. Mama alisema goti lake limemwambia ni mvua. Shosho alisema goti la mtu wa ziwani haliwezi kujua mawingu ya Kawangware, yeye amejenga hapa zamani, na haya ni mawingu ya kupita. Mama akamuuliza mawingu yamepita mangapi mpaka leo yeye akiwa bado anaanika vibaya. Kamba zilikuwa zimejaa, na za wapangaji wengine pia, kwa sababu siku hizi wameanza kuacha nguo wakijua kuna mtu. Matone yakaanza kupiga mabati. Wale pale getini walikuwa wamepandisha sauti wasikie yanayosemwa, na hakuna aliyegeuka kutazama kamba.

Nikaangalia huku na huku ndani ya chumba. Aliyeko nyumbani nilikuwa mimi.

Nikatoka mbio, viatu nikiwa sijavaa, na nyuma yangu nikamsikia mama akimwambia mwenzake, "Umeona? Nilikuambia itanyesha. Hata konokono ametoka."